Siku Tatu za Ndesario

Tetemeko la Februari halikuua mtu Kirimeni.
Lilimwaga maziwa ya Mama Aikande,
likakausha mfongo mmoja kwa siku mbili,
na kanisani likaangusha bamba la mchungaji.

Mimi ndiye mwenye funguo.
Miaka ishirini na sita nimelifuta vumbi kila Jumamosi,
marumaru iliyopandishwa mlima huu vichwani mwa watu,
yenye Kijerumani ninachokijua kwa kidole, si kwa maana:
jina, nyota ya kuzaliwa, msalaba wa kufa,
miaka thelathini na moja katikati.
Homa, walituambia.

Wageni huwa nawatembeza kwa mpango wangu.
Kwanza kengele iliyomeguka ukingo,
inalia kama mwenye mafua lakini inafika ng'ambo ya mto.
Kisha mlango wa mringaringa ambao mchwa wameushindwa,
kioo chekundu kilichobaki peke yake dirishani
(vingine vilikwenda na mpira wa watoto wa shule),
makaburi matatu yaliyozungushiwa masale.
Bamba huwa la mwisho. Hapo ndipo wanavua kofia.

Asubuhi ile halikuwapo.
Palikuwa na mraba wa chokaa isiyowahi kuona mshumaa,
nyeupe kama ngozi chini ya bandeji,
na kwenye mraba, kwa ncha ya msumari,
herufi za mtu aliyejifunza kuandika jana:

SIKU 3 ZANGU BADO. NDESARIO

Nikakaa benchi la mbele, ambalo si langu.
Huyu alifundishwa herufi hapa hapa,
mchana akibeba mawe ya mtoni, jioni akibeba a, e, i, o, u,
ili azisome amri kumi.
Alipozipata akaandika deni.

Kamati ilikaa Jumatano.
Mzee Kiwelu akasema lipakwe plasta, wageni wanasoma.
Mwinjilisti akasema kuchora ukuta wa Bwana ni dhambi,
halafu akapunguza: angalau ni utovu wa adabu.
Mama Aikande, mweka hazina, alikuwa anakagua daftari.
Hakuinua kichwa.
"Tunadaiwa," akasema. "Andikeni."

Lakini siku moja ya Ndesario ilikuwa bei gani?
Rupia ngapi? Mkungu wa ndizi? Chumvi?
Tukakubaliana ujira wa kibarua wa leo, mara tatu.
Kuhusu riba, mtu mmoja alikohoa,
tukafunga kwa sala.

Kitukuu chake kilipatikana Majengo, mjini,
anauza vipuri vya pikipiki, jina lake Ndelilio,
Mkatoliki kwa upande wa mke.
Akaja Jumapili na shati la pasi
na kucha zenye grisi isiyotoka.
Mama Aikande akampa bahasha,
na juu ya bahasha jani la sale,
maana kwetu msamaha hauombwi kwa karatasi tupu.
Alipokea jani kwanza.
Kisha akahesabu noti, moja moja, mbele ya madhabahu.
Watoto wakacheka, mama zao wakawafinya.

"Asanteni," akasema. "Ila nyumbani
tulirithishwa kwamba ni siku nne."

Hakuna aliyekohoa.
Mimi nikatazama ukuta, kwa mara ya kwanza vizuri:
matundu ya misumari iliyoshika bamba lile,
moja limeikwepa S kwa unene wa unyasi,
jingine limesimama nje kidogo ya O ya mwisho.
Aliyelitundika alikuwa na haraka labda,
labda alikuwa analia, sijui,
lakini hakutoboa hata herufi moja.

Bamba bado liko sakafuni, limeegemea ukuta
chini ya maandishi, kama mtu aliyekuja kusoma.
Nalifuta vumbi nikiwa nimepiga magoti.
Tumemwita fundi kutoka Kiboroloni alitundike pembeni.
Alisoma ukuta, akasoma tena,
akaweka mfuko wa vifaa chini,
akataka alipwe kwanza.